Mdharau Mwiba: Jinsi ya Kuchagua Bongo la Kidude cha Faiba

Mwaka huu nilipomwambia mhariri wetu kwamba sitaandika insha ya methali wala hadithi ya ajali ya matatu, alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Nilipoongeza kwamba nataka kueleza jambo la Fizikia kwa Kiswahili, wenzangu chamani waliangua kicheko. Mmoja alisema, "Utaishiwa na maneno kabla ya aya ya pili!" Haya, tuone. Aya ya kwanza ndiyo hii imekwisha.

Kisa chenyewe kilianza tarehe 30 Juni. Kila Mkenya mwenye PIN anaijua siku hiyo, kwa maana ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za KRA. Mama yangu ana saiba ndogo mtaani Makongeni, hapa Thika: kompyuta nne, mashine moja ya kutoa nakala, na benchi la kungojea. Siku hiyo benchi halikutosha. Watu walipanga foleni hadi nje kwenye ngazi: akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, na mzee mmoja aliyekuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa unga. Ilipofika saa nne u nusu asubuhi, intaneti ikakatika. Si kwetu tu, bali jengo zima. Stima zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, watu walikuwepo, lakini njia ya kwenda iTax ilikuwa imezibwa.

Mama aliwaelekeza watu wajaribu saiba nyingine. Waliobahatika walihudumiwa huko. Wengine walirudi jioni miguu ikiwauma, na usiku ukawapita. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Kwa mzee yule wa mfuko wa unga, hizo si pesa za kuchezea. Mama naye alipoteza mapato ya siku iliyo bora kuliko zote kwa mwaka, na baadhi ya wateja hawajarudi hadi leo.

Fundi wa kampuni iliyotuletea intaneti (sitaitaja) alifika kesho yake. Nilikuwa nimetoka shule, nikamfuata hadi juu ya paa. Huko kuna sanduku la chuma, na ndani yake mashine inayogawa intaneti kwa jengo. Akachomoa kidude cha fedha chenye ukubwa wa kidole gumba kirefu, akatia kingine, na taa ya kijani ikawaka. Kazi ya dakika mbili! Nikamwuliza, "Fundi, hicho kidude kimekufa ghafla?"

Akacheka. "Hakikufa ghafla, kijana. Kilikuwa kinaugua." Akafungua kompyuta yake ya mkononi akanionyesha kumbukumbu za kampuni yao. Tangu Februari, kila alasiri ya jua kali, kidude kile kilikuwa kikituma onyo: joto limepita kiasi, mkondo wa leza umepanda. Usiku maonyo yalikoma. Kufikia Juni, ijapokuwa ni miezi ya baridi, onyo la mkondo lilikuwa halikomi mchana wala usiku. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalitanda kwa miezi minne. Hakuna aliyeyatazama.

Swali lililonikosesha usingizi ni hili: kidude kidogo hivyo kilijuaje kwamba kinaugua? Fundi alinipa kile kilichokufa nikipeleke shuleni. Mwalimu wetu wa Fizikia alikifungua kwa bisibisi, na tukaona ndani bamba jembamba la saketi, na juu yake chipu ndogo kuliko punje ya hindi. "Hilo ndilo bongo lake," akasema mwalimu. Bongo hilo ni mikrokontrola. Makala haya yanaeleza kazi yake, na jinsi mhandisi anavyochagua ifaayo.

FAIBA NA MODULI YAKE

Kwanza kabisa, tuelewane kuhusu faiba. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba unaopitisha mwanga. Wanafunzi wa kidato cha tatu tumesoma mwaka huu kwamba mwanga unaotoka kwenye kitu kizito, kama kioo, kwenda kwenye kitu chepesi zaidi, hupinda, na ukipiga mpaka kwa pembe kubwa ya kutosha hautoki nje kamwe bali huakisiwa wote ndani. Ndivyo mwanga unavyofungwa ndani ya faiba, ukienda mbele bila kuvuja. Ndani ya kioo hicho mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani thuluthi mbili ya kasi yake angani.

Zamani Kenya ilizungumza na ulimwengu kupitia setilaiti, kwenye kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970. Mambo yalibadilika mwaka 2009 nyaya za faiba za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tangu hapo faiba imepanda bara, ikafuata barabara, na sasa mitaani inaning'inia kwenye milingoti kama kamba za kuanikia nguo. Mwezi Mei mwaka 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima ilihisi intaneti ikikokota miguu.

Lakini kompyuta haizungumzi kwa mwanga, huzungumza kwa umeme. Kwa hiyo kila mwisho wa faiba lazima kuwe na mkalimani. Mkalimani huyo ndiye kidude chetu, yaani moduli ya mwanga. Aina moja iliyoenea sana huitwa SFP: upana wake ni milimita 13 na ushei, urefu kama sentimita 5 na nusu. Ndani yake mna leza inayowaka na kufifia kulingana na biti zinazopelekwa, na mna jicho, yaani fotodaiodi, linalopokea mwanga unaotoka upande wa pili na kuugeuza kuwa umeme. (Onyo: msichungulie mdomo wa moduli wala ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.)

KOSA LA WENGI

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Nilidhani kwamba kama moduli hupitisha biti bilioni 10 kwa sekunde, basi mikrokontrola yake lazima iwe na kasi ya ajabu. Hebu tupige hesabu. Mikrokontrola ya Arduino Uno, ambayo wengi mmeiona maabarani, hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Gawanya bilioni 10 kwa milioni 16, unapata 625. Yaani kabla Uno haijapiga pigo moja tu, biti 625 zimeshapita! Hata ungetumia mikrokontrola ya mapigo milioni 72, bado biti 138 zingepita kwa kila pigo.

Jibu ni kwamba mikrokontrola haigusi habari zinazopita. Habari hupita kwenye saketi nyingine za kasi, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mikrokontrola ni kama makanga wa matatu: hashiki usukani wala si injini, lakini ndiye anayejua nani amepanda, mlango umefungwa au la, na ndiye agongaye bodi dereva asimame. Kwa hiyo anayechagua mikrokontrola ya moduli ya kasi akatazama kasi ya mapigo peke yake, amechagua ng'ombe wa maziwa kwa kutazama pembe.

KAZI ZA BONGO HILO

Kazi ya kwanza ni kulisha leza. Leza haianzi kuwaka sawasawa mpaka mkondo wa umeme ufikie kiwango fulani. Joto linapopanda, kiwango hicho nacho hupanda. Ukiiachia leza mkondo uleule wa asubuhi, ifikapo saa nane mchana mwanga wake utakuwa umefifia. Mikrokontrola hupima joto, hutazama jedwali lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake, kisha huongeza mkondo kwa kipimo kinachofaa. Njia nyingine ni kuweka jicho dogo kando ya leza lipime mwanga wenyewe, na mkondo urekebishwe kadiri mwanga unavyoshuka.

Kazi ya pili ni kupima na kutoa ripoti. Kuna kanuni inayoitwa SFF-8472 ambayo watengenezaji hukubaliana nayo. Inataja vipimo vitano: joto la moduli, volti zinazoingia, mkondo wa leza, nguvu ya mwanga unaotoka, na nguvu ya mwanga unaopokewa. Vipimo hivyo huwekwa mahali maalumu kwenye kumbukumbu, ili mashine yoyote iliyochomekwa moduli hiyo iweze kuvisoma. Nguvu ya mwanga huandikwa kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya mikrowati. Pia huhifadhiwa mipaka: kipimo kikipita mpaka wa kwanza ni onyo, kikipita wa pili ni hatari. Haya ndiyo maonyo ambayo kidude chetu kilitoa kuanzia Februari.

Kazi ya tatu ni usalama. Leza ikiharibika ikataka kuwaka kupita kiasi, lazima izimwe upesi. Maelekezo ya SFP ya mwanzo yalitaka leza izimike ndani ya mikrosekunde 10 tangu iamriwe. Kazi ya nne ni kujitambulisha: mimi ni moduli ya aina gani, nimetengenezwa na nani, namba yangu ni hii.

JINSI YA KUCHAGUA

Sasa tufike kwenye kiini. Mwalimu alitupa zoezi: tuchukue mikrokontrola kadhaa tuzipime kana kwamba tunajenga moduli yetu wenyewe. Tulizichukua ATmega328P, ambayo ndiyo iliyo ndani ya Arduino Uno. RP2040, iliyo ndani ya Raspberry Pi Pico. EFM8LB1 ya kampuni ya Silicon Labs. Na ADuCM320 ya Analog Devices. Tulisoma karatasi za maelezo za watengenezaji, tukauliza maswali sita.

(1) Je, inapima kwa usahihi gani? Ndani ya mikrokontrola kuna kigeuzi kinachogeuza volti kuwa namba. Cha Uno kina biti 10, yaani ngazi 1,024. Cha Pico kina biti 12, yaani ngazi 4,096. Vya EFM8LB1 na ADuCM320 vina biti 14, yaani ngazi 16,384. Tofauti hiyo inamaanisha nini? Tuseme tumeunganisha jicho letu hivi kwamba mwanga wa mikrowati 1,000 ndio unaojaza kipimo. Kwa Uno, kila ngazi ni karibu mikrowati moja. Mwanga hafifu uliotoka mbali ukiwa mikrowati 10 tu, kosa la ngazi moja ni sehemu moja ya kumi ya kipimo chote! Kwa biti 14, ngazi moja ni kama mikrowati 0.06, na kosa hilo linakuwa dogo sana. Ni sawa na kupima dhahabu kwa mizani ya sonara badala ya mizani ya kupimia viazi sokoni Madaraka.

(2) Je, inaweza kutoa volti laini? Kulisha leza kunahitaji kigeuzi cha upande wa pili, kinachogeuza namba kuwa volti. Uno haina, Pico haina. EFM8LB1 ina hadi vinne vya biti 12. ADuCM320 ina vinane vya volti, na juu ya hivyo vinne vya kutoa mkondo. Hapa lazima niseme ukweli: baadhi ya saketi za kuendesha leza zina vigeuzi vyake ndani, na mikrokontrola huziamuru kwa nyaya mbili tu. Ukitumia saketi kama hiyo, swali hili linapungua uzito.

(3) Je, inajua kuamuriwa na kuamuru? Moduli huzungumza na mashine kubwa kwa njia ya nyaya mbili iitwayo I2C. Hapo mashine ndiyo bwana, na mikrokontrola ni mtumwa anayepaswa kujibu kila akiulizwa. Kwa SFP mazungumzo hufika mapigo 400,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila biti ina mikrosekunde 2.5 tu. Mikrokontrola ikiwa inashughulika na hesabu za joto ikachelewa kujibu, mashine itaona kama moduli imekufa. Wakati huohuo huenda ikahitaji kuwa bwana wa saketi ya leza. Kwa hiyo inafaa kuwa na njia mbili zilizo tofauti, sio moja ya kugombaniwa.

(4) Je, inaenea? Bamba la ndani ya SFP ni jembamba kama kijiti cha aiskrimu, na sehemu kubwa imeshachukuliwa na leza, jicho na saketi za kasi. EFM8LB1 hupatikana kwa umbo la milimita 3 kwa 3. RP2040 ni milimita 7 kwa 7, na isitoshe haina kumbukumbu ya kuhifadhia programu ndani yake, lazima uiwekee chipu nyingine kando. Ni kama mgeni anayekuja kwenye chumba chako kimoja na kitanda chake.

(5) Je, inavumilia joto na kula kidogo? SFP nyingi huruhusiwa kula wati 1 hivi kwa jumla. Kwa volti 3.3, hiyo ni kama miliampia 300, na leza na saketi za kasi ndizo zenye njaa. Bongo likijipakulia nyingi, wengine watalala njaa, na joto litaongezeka. Ama kuhusu kuvumilia, moduli za kawaida hutengenezwa kwa joto la sentigredi 0 hadi 70, na zile za nje kwa 40 chini ya sifuri hadi 85. Lakini chipu iliyo ndani huwa na joto zaidi ya kasha lake. Kwa hiyo moduli ya nje hufaa kupewa mikrokontrola inayovumilia hadi 105, sio 85 kamili. Mhandisi hachagui mwavuli unaotoshea kichwa peke yake.

(6) Je, inaweza kubadilishiwa programu bila kuzima laini? Hili sikulifikiria kabisa mpaka mwalimu aliponiuliza: "Ukitaka kurekebisha programu ya moduli, mikrokontrola ikajizima na kuwaka upya, leza itafanyaje?" Leza itazimika, na mtaa mzima utakatika. Kwa sababu hiyo EFM8LB1 imeundwa ili vigeuzi vyake viweze kushikilia volti ileile hata chipu inapoanza upya. ADuCM320 nayo ina kumbukumbu ya programu iliyogawanywa sehemu mbili za kilobaiti 128 kila moja, hivi kwamba programu inaweza kutenda kazi katika sehemu moja huku nyingine ikiandikwa upya. Huko ndiko kubadilisha gurudumu gari likienda!

BASI TUCHUKUE IPI?

Baada ya maswali hayo tulibishana karibu tupigane. Wenzangu wawili walitaka ADuCM320 kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi. Mimi nilishikilia EFM8LB1. Mwalimu akatuuliza swali moja tu: "Moduli yenu ina leza ngapi?" Tukanyamaza.

Naam, hilo ndilo jibu. Moduli ya biti bilioni 10 kwa sekunde ina leza moja na jicho moja. Vigeuzi vinne vinatosha, na chipu ndogo isiyo na mbwembwe ndiyo bora. Lakini zipo moduli za bilioni 100, kama zile za QSFP zenye njia nne ndani ya kasha moja. Hapo kila kitu huzidishwa kwa nne: leza nne za kulishwa, macho manne ya kupimwa, maonyo mara nne. Zile kubwa zaidi za bilioni 400 hufuata kanuni nyingine, CMIS, yenye kurasa nyingi za kumbukumbu na mazungumzo ya haraka zaidi, na baadhi ya leza huhitaji kipoozeo kinachoongozwa na mikrokontrola hiyohiyo. Kwa kazi kama hizo, chipu yenye vigeuzi vingi na kumbukumbu kubwa, ya jamii ya ADuCM320 au zilizomfuata, haiepukiki.

Kwa hiyo kasi ya moduli huingia kwenye uchaguzi kwa mlango wa nyuma. Si kwamba mikrokontrola inakimbizana na biti. Ni kwamba kasi ikiongezeka, leza huongezeka, na vya kuchungwa huongezeka. Mchungaji wa mbuzi mmoja hahitaji filimbi ya mchungaji wa mbuzi mia.

Na Uno yetu je, haina kazi? Ina kazi kubwa: kufundishia. Tulichukua tochi ya leza nyekundu, jicho, kipimajoto cha saketi na kifaa cha kukaushia nywele. Tulipopuliza leza kwa hewa moto bila kubadilisha mkondo, kipimo cha mwanga kilishuka mbele ya macho yetu. Kisha tukaiandikia Uno jedwali dogo: joto likifika hapa, ongeza hivi. Kwa kuwa haina kigeuzi cha kutoa volti, tulitumia mapigo yake ya kuwaka na kuzima, yenye ngazi 256, tukayalainisha kwa kizuizi na kapasita. Mwanga ulirudi, lakini ulipanda kwa vishindo kama mtu apandaye ngazi kwa magongo. Hapo tukaona kwa macho kwa nini biti chache hazitoshi. Hakuna aliyehitaji kukariri tena.

TURUDI JUU YA PAA

Sasa rudini nami kwenye sanduku la chuma. Nilipoelewa haya yote, nilikitazama tena kile kidude kilichokufa. Pembeni mwake pameandikwa 0 hadi 70. Kumbukumbu alizonionyesha fundi zilisema kwamba alasiri za Februari joto lilifika 78. Ina maana kwamba moduli ya ndani ya nyumba iliwekwa juu ya paa, ndani ya chuma, kwenye jua la Thika ambalo linaivisha mananasi! Joto likapandisha mkondo, mkondo ukaongeza joto, leza ikazeeka kabla ya wakati wake. Ilipozeeka, ilihitaji mkondo mkubwa hata kwenye baridi ya Juni, mpaka siku ilipokosa nguvu kabisa. Na siku yenyewe ikawa tarehe 30.

Basi aliyeichagua ile mikrokontrola hakukosea. Ilipima, ikaandika, ikaonya, kama ilivyofundishwa. Waliokosea ni aliyechagua moduli isiyofaa mahali pake, na waliopewa maonyo wakayaacha kwenye kompyuta. Mama alipata hasara, na mzee wa mfuko wa unga akaingia kwenye faini, kwa sababu ya jambo lililoandikwa waziwazi miezi minne kabla. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nimejifunza kwamba wakati mwingine si mguu wa aliyedharau unaoota tende. Ni mguu wa jirani.

Nilimweleza mama haya yote jioni moja huku akifunga hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiki kipya walichoweka, kimeandikwa ngapi?" Sikuwa nimetazama! Kesho yake nilipanda juu ya paa na mlinzi wa jengo. Kimeandikwa 40 chini ya sifuri hadi 85. Mama alimpigia fundi simu akamshukuru, kisha akamwomba jambo moja: kila mwisho wa mwezi amtumie kile kipimo cha mkondo wa leza. Anakiandika nyuma ya daftari la madeni. Hadi ninapoandika, hakijapanda.

Ndugu wasomaji, kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited kinachoshughulika na mambo ya chipu. JKUAT iko hapo Juja, nauli ya matatu moja tu kutoka hapa. Vitu hivi haviko mbinguni. Anayetaka kuvijua aanze na maswali sita niliyoyataja, na asiogope kwamba mwalimu atamcheka. Kuuliza si ujinga. Nanyi mliosema nitaishiwa na maneno kabla ya aya ya pili, hebu rudini mhesabu aya.

Wino unakwisha, nami naweka kalamu chini. Kwaherini hadi mwaka ujao, Mungu akipenda.